Mkunga wa Samaki Milia

Dada yangu anafanya kazi katika chumba ambacho alfajiri yake huwashwa kwa swichi.

Ukimwambia mtu hivyo anadhani unamfanyia mzaha. Lakini chumba kipo, ghorofa ya chini ya jengo la utafiti, mkabala na maabara ya damu. Hakina dirisha hata moja. Ndani yake wanaishi samaki wadogo wenye milia ya buluu, urefu wao hauzidi pingili mbili za kidole, wamepangwa katika matangi ya plastiki, rafu juu ya rafu, kama viatu dukani. Maji yanatiririka humo mchana na usiku. Joto lake linakufanya utake kuvua koti ukiwa bado mlangoni. Saa tatu asubuhi, wakati huku nje jua limeshaanza kuchoma mabati, saa ya umeme iliyopo ukutani hulia "tik", taa zikawaka, na kwa samaki wale kumekucha. Ilipangwa hivyo makusudi. Samaki milia hutaga mayai kunapopambazuka, na wafanyakazi wengi hawapendi kupambazukiwa kazini.

Kazini wanamwita Mkunga, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzalisha. Mtaani wana majina mengine. Muuza vocha wa pale kona humwita "dada wa samaki wasiokaangika", na kila akimwona anapita humuuliza kama leo kabeba hata mkia. Mama yetu ndiye mbaya zaidi.

"Samaki gani hao?" alimwambia siku alipoona picha yao kwenye simu. "Hata paka angewasusa."

Ukweli ni kwamba Dada hakuwachagua. Alisoma stashahada ya maabara akiota maabara ya damu, ile yenye mashine zinazopiga mlio na viti vya kuzunguka. Alipoajiriwa, aliyekuwa anatunza samaki alikuwa ameondoka siku chache kabla, basi yeye mgeni akasukumiwa huko. Wiki ya kwanza alirudi nyumbani nywele zikinuka chakula cha samaki, akajitupa kitandani, akalia. Alisema ataandika barua ya kuomba uhamisho.

Barua haikuandikwa. Kabla wiki ya pili haijaisha, Daktari alimwita kwenye hadubini. Daktari huyu ni mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asubuhi anatibu watoto wenye maradhi ya moyo hospitalini na mchana anashuka kufanya utafiti. "Njoo uone kitu," alimwambia. Dada akainama, akaweka jicho.

Jioni ile aliingia nyumbani kama mtu aliyefukuzwa na mbwa.

"Nimeona moyo!" alisema hata viatu hajavua. "Si picha, si mchoro. Moyo wenyewe, unadunda, na mwenyewe mzima wala hajakatwa! Mwili wake kama kioo. Unaona damu inavyoingia, inavyotoka, chembe zinapita moja moja kama watu kwenye foleni!"

"Moyo wa nani?" Mama akauliza.

"Wa samaki, Mama. Hajaanguliwa hata. Ila unavyoanza kujijenga ni kama wako ulivyoanza."

"Wangu uache ulipo."

Mimi ndiye niliyekosa usingizi baada ya hapo, na tangu siku ile sijapoa. Fikirini jambo hili! Moyo wa mtoto hujengwa gizani, tumboni mwa mama yake, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kusimama na kutazama fundi akiweka tofali. Tunakuja kuuona nyumba ikiwa imeshakwisha, na mara nyingine ukuta umeshapinda. Lakini kuna samaki huyu mdogo, ambaye jeni zake nyingi zina ndugu zao ndani yetu, na moyo wake unajengwa mchana kweupe, ndani ya yai angavu, kwa muda usiozidi siku mbili, huku wewe umekaa kwenye kigoda unatazama. Hiyo ni zawadi. Na kwetu kuna watu wanaoishughulikia kila siku kwa ndoo na wavu, halafu tunakaa barazani kusema sayansi ni mambo ya wengine, ya mbali!

Sasa nimlete Seremala.

Seremala ni mtu wa vitanda na milango, karakana yake haiko mbali na hospitali. Yeye mzima, mkewe mzima, lakini binti yao, aliyeanza shule juzijuzi, akipanda ngazi hukaa katikati kupumzika kama bibi kizee. Daktari alimpima, akapima damu ya familia nzima, akakuta badiliko dogo katika jeni moja. Baba analo nusu, mama analo nusu, na mtoto kwa bahati mbaya amerithi nusu zote mbili. Swali likawa: je, hilo badiliko ndilo linalochosha moyo wa mtoto, au limekutwa tu eneo la tukio? Huwezi kujua kwa kumkodolea mtoto macho. Basi maabara ikatengeneza samaki wenye badiliko lile lile. Na kweli, wale samaki waliolibeba nusu walikuwa wazima kama Seremala na mkewe, lakini walipozaa, kiasi cha robo ya watoto wao mioyo ilikuwa inadunda kwa kusitasita. Hata mtu asiye mtaalamu angeona.

Kizazi hicho chote cha samaki kikaitwa Ukoo wa Seremala. Mwenyewe alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu hapo kila akimleta binti kliniki lazima ashuke chini abishe hodi.

"Mkunga! Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, babu yao. Wanakusalimu."

"Wanakula?"

"Kuliko wewe."

Daktari hakupenda sana masihara hayo, si kwa ubaya. Alikuwa anaogopa mtu asije akajenga tumaini kwenye kitu ambacho bado. "Hatujaahidi dawa," alikuwa akimwambia. "Tunatafuta njia tu. Tuna dawa kadhaa za kujaribu, na tutazijaribu kwa samaki kwanza. Huenda zote zisifae kitu." Seremala alikuwa akijibu, "Daktari, mimi mbao nazijua. Kabla sijakata ya mteja, nakata kipande cha kujaribia. Endelea na vipande vyako."

Mama yetu alikuwa na swali lake. Aliliuliza siku moja wanachambua mchele, bila kumtazama Dada usoni.

"Na hao samaki, wanaumia?"

Dada aliacha kuchambua. "Wengine tunawaua, Mama. Sikudanganyi. Ila kwanza tunawalaza kwa dawa kwenye maji, hawahisi kitu. Na hatumgusi hata mmoja bila sababu iliyoandikwa na kukubaliwa. Kama jibu linapatikana kwa samaki kumi, ukitumia kumi na mmoja unaulizwa yule mmoja ulimtumia nini."

"Nani anauliza?"

"Kuna kamati. Na mimi nauliza."

Mama akatikisa ungo. "Basi uwaheshimu," akasema, na hakulizungumza tena.

Balaa lilikuja na umeme. Ulikatika mwisho wa wiki, jenereta ikagoma kuwaka, pampu zikasimama. Fundi wa maji wa jengo lile, mzee mmoja mcheshi anayeitwa Mzee Bomba, alikimbia na ndoo mpaka akapoteza ndala moja, lakini rafu ya juu ilishaharibika. Rafu ile ndiyo ilikuwa ya Ukoo wa Seremala. Dada alipofika aliwakuta wameelea. Walionusurika ni jike mmoja na madume wawili, na wote watatu umri ulikuwa umewaenda.

Daktari alishuka kuwatazama.

"Mkunga," alisema, "nataka mayai kabla hawa hawajaacha kuzaa. Wakifa bila watoto, tumerudi mwanzo kabisa. Kuwatengeneza wengine ni kazi ya mwaka na zaidi, na yule binti hana mwaka wa kutuazima."

Utagishaji wenyewe una taratibu zake. Jioni unamweka jike na dume kwenye tangi dogo, katikati unachomeka ubao angavu wa plastiki wa kuwatenganisha. Wanaonana lakini hawafikiani. Chini kuna wavu, ili mayai yakianguka yapite, maana wazazi hawa hawana aibu, mayai yao wenyewe wanayala. Usiku unapita. Taa zikiwaka asubuhi unang'oa ule ubao, dume anaanza kumkimbiza jike, na baada ya muda mfupi mayai yanadondoka. Kwa kawaida ni kazi rahisi hata usingizini.

Siku ya kwanza, hakuna yai. Dada akawapumzisha siku kadhaa kama inavyotakiwa, akabadilisha dume. Hakuna. Akapima chumvi ya maji, akapima joto, akaongeza chakula. Akaweka pembeni yao samaki wa kawaida, wale wasio na kasoro yoyote, vijana wenye nguvu, ili alinganishe. Nao hawakutaga! Mzee Bomba akabadilisha machujio yote ya rafu ile, akasafisha mabomba kwa brashi. Hakuna.

Nyumbani tulijua mambo ni mabaya kwa jinsi alivyokuwa akifunga mlango. Hakuweza kutulia. Alianza kuondoka kabla kuku hawajashuka, yeye wa kwanza kufika kazini, akafungua kile chumba kikiwa bado giza totoro, akawasha mwanga wa simu, akainama kwenye lile tangi. Kidogo tu. Awaone kama wako hai, kama tumbo la jike limejaa, kama labda yai moja limedondoka. Kisha anazima, anatoka, anakaa dakika chache kwenye korido, moyo hautulii, anarudi tena. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyefika mapema kiasi cha kumwona.

Siku moja Mama alikuwa na miadi ya macho. Mimi nilikuwa safarini, hivyo ikabidi Dada ampeleke. Aliomba ruhusa, akamwachia Mzee Bomba ang'oe mbao taa zitakapowaka. Samaki wa Ukoo wa Seremala walikuwa kwenye mapumziko. Waliokuwa wamewekwa siku ile ni wale wa kawaida tu.

Alipofika, asubuhi imeshaiva, alimkuta Mzee Bomba anafuta sakafu huku anaimba.

"Mkunga, umekosa harusi!"

"Harusi gani?"

"Wametaga. Wote. Nenda ukaangalie, chini kumejaa."

Dada alienda akaangalia. Kumejaa kweli. Akarudi, akasimama mbele ya mzee, mkoba bado begani.

"Leo umefanya nini tofauti?"

"Mimi? Nimeng'oa ubao. Nimewatakia heri." Mzee Bomba akaegemea fagio lake. "Labda wewe ndiye wanakuonea haya. Leo hukuja kuwachungulia chumbani mwao, wakajiachia."

Walioko koridoni wakacheka. Dada hakucheka.

"Nani aliingia humu kabla taa hazijawaka?"

"Hakuna. Aingie nani gizani, mwizi wa samaki?"

Ndipo alipokaa, palepale, juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka mikono kichwani. Yeye ndiye. Ule mwanga wa simu! Samaki hana saa mkononi. Akiona mwanga baada ya giza, kwake kumekucha. Kila asubuhi Dada alikuwa akiwapambazulia kabla ya wakati. Dume anaamka, anajitayarisha, anamwendea jike na kugonga pua kwenye plastiki, kisha giza linarudi, kisha mwanga tena, kisha giza. Ikifika alfajiri ya kweli wameshavurugika, hamu imeshapita. Aliyekuwa anayataka yale mayai kuliko mtu mwingine yeyote duniani ndiye aliyekuwa akiyazuia.

Alipanda ngazi mbili mbili kwenda kumwambia Daktari. Alidhani atagombezwa. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo tumebadilisha machujio yote ya watu kwa ajili ya simu yako."

"Ndiyo, Daktari. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Kosa limepatikana, shukuru Mungu." Kisha akawa makini. "Jike amejaa?"

"Amejaa."

"Basi tumweke leo jioni. Kwa umri wake sidhani kama tutapata nafasi nyingine. Na wewe, kesho usikanyage mle mpaka taa ziwake. Sitaki kusikia 'kidogo tu'."

Asubuhi iliyofuata Dada alifika mapema vilevile, maana mwili haukukubali kubaki kitandani. Alimkuta Mzee Bomba ameshaketi juu ya ndoo yake, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa chumba cha samaki, miguu ameinyoosha kama mwenye nyumba.

"Simu," akasema, akanyoosha mkono.

"Mzee wangu, siingii. Nasimama tu."

"Simu, mwanangu. Nimetumwa."

Akampa. Wakakaa. Dada akatembea mpaka mwisho wa korido, akarudi. Akatega sikio kwenye ukuta, akasikia maji yanatiririka, hayo hayo ya siku zote. Mzee Bomba akaanza kumsimulia habari za mkewe alivyojifungua mtoto wao wa kwanza, na jinsi yeye alivyotolewa nje kwa kelele zake. "Wakunga wawili walinibeba, mmoja huku, mmoja huku. Wakaniambia, baba, wewe kazi yako ilishakwisha zamani."

"Unanitania wakati kama huu?"

"Wakati gani mwingine? Ukishapata mayai utanisikiliza?"

Tik.

Mzee Bomba akanyanyuka bila haraka, akasogeza ndoo. Dada akaingia, akang'oa ule ubao kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayevuta kitambaa chini ya mtoto aliyelala. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya katika kazi ile. Akageuka, akatoka, akafunga mlango.

Aliporudi ndani, Daktari alikuwa ameshashuka, amesimama nyuma yake. Dada akainama kutazama chini ya wavu. Palikuwa na mayai! Mengi, ya mviringo, angavu, yametapakaa sakafu yote ya tangi kama mvua ya mawe iliyonyesha kwenye nyumba ya wadoli. Alipiga ukelele, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili ili asiwashtue samaki, na ule ukelele ukaishia tumboni, ukamtikisa mwili mzima. Jike alikuwa amejibanza pembeni, amechoka, mapezi yanacheza taratibu. Dada alimhamisha kwenye tangi kubwa yeye peke yake, akampa chakula kabla hata hajayagusa mayai.

Lakini mayai si jibu. Huenda hayakurutubishwa. Huenda yangeoza. Siku ile na iliyofuata nyumbani hatukutulia. Aliyatunza kwenye sahani za kioo, akitoa yaliyogeuka meupe, akibadilisha maji. Kisha siku ya pili, mchana, Mama akapigiwa simu. Aliiweka sauti kubwa kwa sababu macho bado yalikuwa na dawa, nami nilikuwa karibu.

"Wanaumwa, Mama! Wanaumwa!"

"Ee Mungu wangu. Pole, mwanangu, pole sana..."

"Pole ya nini? Ni vizuri! Wengine wazima, wengine mioyo inasitasita, karibu robo yao, kama ilivyotakiwa! Ukoo umerudi, Mama! Umerudi!"

Mama akaniangalia kwa macho yake ya dawa. "Huyu mtoto mmempa nini huko kazini?" akauliza, lakini alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuamini kuwa yote yalikuwa ya dawa.

Seremala alifika maabara mchana ule ule na vumbi la mbao kwenye nyusi, nami nilikuwa nimeshakimbilia huko kujionea. Dada alikuwa amempigia pia. Mara hii hakuuliza habari za wajukuu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama alivyoambiwa, akakalishwa kwenye kigoda mbele ya hadubini. Daktari akamrekebishia lenzi.

"Anza na huyu. Huyu ni mzima."

Seremala akaweka jicho. Kidole chake cha shahada, kile kinene chenye kucha iliyopasuka, kikaanza chenyewe kugonga meza. Tapu-tapu-tapu-tapu, haraka, sawasawa, bila kukosea. Ulikuwa moyo wa samaki, na sisi tuliosimama nyuma, ambao hatukuwa na hadubini, tuliusikia.

"Sasa huyu," Dada akasema, akasogeza sahani.

Kidole kikatulia. Kisha tapu. Tapu. Kikabaki hewani. Tukasubiri. Mzee Bomba mlangoni akaacha kutafuna. Tapu.

Seremala hakuinua kichwa. "Huyu ndiye," alisema. "Huyu ndiye kabisa. Hivi ndivyo anavyofanya akifika katikati ya ngazi." Sauti yake haikuwa ya huzuni. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameonyeshwa mahali penyewe palipopinda, akaweza kuweka kidole.

"Nataka nihesabu mapigo yao kabla ya kuwatia dawa," Daktari alisema. "Mkunga, wewe shika saa. Yeye aendelee kugonga."

Dada akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega na Seremala, macho kwenye mshale wa sekunde.

"Haya, babu yao," akasema. "Gonga."